KUMTEGA FUKO KWA KITANZI: MAFUNZO KWA MKULIMA ANAYEANZA

Leo tunamzungumzia adui mmoja ambaye pengine hujapata kumwona uso kwa uso, lakini kazi yake unaijua sana.

Unakwenda shambani jioni kung'oa muhogo wa chakula cha usiku. Shina limesimama vizuri, majani ni ya kijani. Unavuta, na shina lote linakuja mkononi bila uzito. Huko chini hakuna muhogo, zimebaki alama za meno tu. Unajaribu shina la pili, nalo ni hivyo hivyo. Ukienda kwenye matuta ya viazi vitamu, unakuta tuta limekuwa tupu ndani kama mtungi. Huyo ni fuko.

Hasara hii si ndogo. Muhogo tunauita akiba ya njaa kwa sababu unakaa ardhini ukitungoja mpaka mwezi ule ambao mahindi yamekwisha ghalani. Tunajua mlango wa ghala hiyo uko juu, kumbe fuko ameingilia chini. Siku ya njaa ndipo unapogundua kwamba akiba uliyoitegemea haipo. Tuseme fuko mmoja anamaliza mashina 3 kwa wiki. Kwa miezi 6 hayo ni mashina zaidi ya 70. Piga hesabu mwenyewe: mashina 70 ni siku ngapi za chakula nyumbani kwako?

Basi leo tujifunze kumtega kwa kitanzi. Mtego huu ni wa gharama ndogo, vifaa vyake vingi viko karibu na nyumba, na hauna sumu. Lakini nakuambia mapema: wengi wanaoanza hushindwa, na si kwa sababu kitanzi chao ni kibaya. Hushindwa kwa sababu wametega mahali ambapo fuko hapiti. Kutega fuko, kazi kubwa ni kuijua njia yake, na mtego wenyewe ni kazi ndogo.

FUKO NI MNYAMA GANI?

Fuko ni jamaa ya panya. Wako watu wanaosema kwamba anakula minyoo na funza. Sivyo. Chakula chake ni mimea: mihogo, viazi vya aina zote, karoti, karanga, mizizi ya migomba, na mizizi ya majani ya porini. Ndiyo maana anapenda shamba lako kuliko pori, maana shambani chakula kimepandwa kwa mstari.

Hapa Afrika Mashariki fuko si wa aina moja. Katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, kama Kilimanjaro na Arusha, na katika nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi, yuko fuko mwenye manyoya laini ya hudhurungi au meusi. Huyu ana vijicho na vijisikio vidogo, lakini ukimtazama vizuri unaviona. Sehemu nyingine nyingi za Tanzania, mpaka Malawi na Msumbiji, yuko fuko wa rangi ya kijivu inayong'aa kama fedha, ambaye masikio ya nje hana kabisa. Hawa wawili huishi peke yao, kila mmoja na njia zake, isipokuwa wakati wa kupandana na wakati mama ana watoto. Upande wa kusini magharibi, kuelekea Zambia na Malawi, wako fuko wengine wanaoishi kwa jamaa, wengi ndani ya nyumba moja. Kama wewe ni wa upande huo, ukimpata mmoja usidhani kazi imekwisha. Tega tena pale pale.

Fuko huchimba kwa meno. Meno yake manne ya mbele yamechomoza nje, na midomo yake hufunga nyuma ya meno, kwa hiyo anatafuna udongo bila kuumeza. Meno hayo huota maisha yake yote na huwa makali siku zote. Kumbuka jambo hili, kwa sababu mtego wetu unafanya kazi kwa meno yake mwenyewe.

Mwaka 1971 watafiti wawili, Jarvis na Sale, walichapisha uchunguzi wao juu ya mashimo ya fuko wa Afrika Mashariki. Katika mashimo ya fuko wa nyanda za juu walikuta njia za kutafutia chakula zikiwa karibu na uso wa ardhi, na nyumba yenyewe ikiwa chini zaidi. Nyumba hiyo ina mahali pa kulala, mahali pa kuweka chakula na choo, vyote pamoja. Kwa hiyo viazi vyako vingine havikuliwa palepale. Vimehamishwa na kuwekwa ghalani kwake.

Kuna habari njema. Fuko hazai kama panya wa ghalani. Yule wa nyanda za juu kwa kawaida huzaa mtoto 1 au 2 kwa uzazi mmoja. Panya ukiua mmoja, watano wamezaliwa. Fuko ukimtoa mmoja, shamba linaona tofauti. Ndiyo sababu kutega mmoja mmoja kunalipa.

TABIA ITAKAYOMPONZA

Sasa sikiliza neno hili, maana ndilo lililobeba somo zima. Fuko havumilii tundu. Njia zake zote zimefungwa. Ukizifungua kwa jembe, mwanga unaingia, upepo unaingia, na nyoka anaweza kuingia. Fuko akihisi upepo huo huja na udongo kuziba. Mara nyingine huja baada ya saa moja, mara nyingine baada ya saa kadhaa, lakini kama yumo, huja.

Kwa hiyo huna haja ya kumfuata wala kumvizia usiku kucha na jembe mkononi. Wewe fungua tundu, weka mtego mbele ya tundu, kisha mwache aje mwenyewe kufanya ukarabati wake.

KWA NINI TUSITUMIE SUMU?

Wako wakulima wanaopaka dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya wadudu wa pamba kwenye kiazi, kisha wanakitia shimoni. Ndugu yangu, acha jambo hilo. Fuko anaweza kukisukuma kiazi hicho nje pamoja na udongo, kikalala juu ya kifusi. Mtoto atakiokota, au kuku watakidonoa. Tena dawa hiyo inabaki katika udongo ule ule unaootesha chakula chako.

Wengine hutia moshi. Fuko akisikia moshi anaziba njia na kukaa upande wa pili akikungoja umalize kuni. Wengine humimina maji. Maji huenda yakamtoa mara moja moja, lakini ndoo ngapi utabeba? Na kama shamba lako liko mteremkoni, maji hayo yatafungua mfereji na kubomoa matuta.

Wengine hupanda utupa kandokando ya shamba wakitumaini harufu yake itamfukuza. Ukitaka kupanda, panda, maana mmea huo hurutubisha udongo. Lakini usiuache mtego kwa kutegemea utupa. Tena usitupe majani yake mtoni, maana yanaua samaki.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA NJIA ILIYO HAI

Wakati mzuri wa kutega ni mvua zinapoanza na udongo umelainika. Wakati huo fuko huchimba sana na vifusi vyake huonekana vingi. Kiangazi, ardhi ikiwa ngumu, vifusi hupungua na utahangaika kuzipata njia zake.

Shamba lenye fuko huwa na vifusi vingi, lakini vingine ni vya mwezi uliopita. Ukitega kwenye kifusi cha zamani utakaa wiki nzima bure. Fanya hivi:

1. Jioni, pita shambani na jembe, sawazisha vifusi vyote. Usibakize hata kimoja.

2. Asubuhi na mapema pita tena. Kifusi chochote utakachokiona ni cha usiku huo. Udongo wake ni mbichi, mweusi kuliko ule wa pembeni, na haujapigwa na jua.

3. Tafuta vifusi viwili vipya vilivyo karibu. Mara nyingi njia inapita kati yake. Chukua kijiti kigumu kilichochongwa ncha, choma ardhi taratibu kati ya vifusi hivyo. Kijiti kinakwenda kwa shida, kwa shida, halafu ghafla kinadidimia. Hapo umeipata njia. Mara nyingi iko kina cha shibiri moja, pengine zaidi kidogo.

4. Chimba hapo kwa uangalifu mpaka njia ionekane. Fungua urefu wa shibiri moja na nusu. Ondoa udongo ulioanguka ndani. Sasa unaona midomo miwili, mmoja huku na mmoja huku.

5. Usitege bado! Nenda kapalilie. Rudi baada ya saa moja au mbili utazame. Kama mdomo mmoja umezibwa kwa udongo mpya, umepata majibu mawili kwa mara moja. Kwanza, fuko yumo. Pili, yuko upande ule uliozibwa. Kama midomo yote miwili iko wazi mpaka jioni, njia hiyo imekufa. Ifukie, katafute nyingine.

Wanaoanza huiruka hatua hii ya tano kwa sababu ya haraka. Usiiruke. Mtego uliowekwa upande asipokuja fuko ni kama jembe lililowekwa darini.

HATUA YA PILI: VIFAA

Tayarisha vitu hivi ukiwa nyumbani:

Bomba. Kata kipande cha mwanzi mnene, urefu sentimita 25. Toboa mafundo ya ndani mpaka upitishe mkono wa mtoto bila kukwama. Upana wa ndani uwe sentimita 6 au 7, karibu sawa na njia ya fuko mwenyewe. Kama mianzi minene haipatikani kwenu, kunja bati jembamba liwe bomba, au unganisha makopo yaliyokatwa pande zote mbili. Kingo za bati zikunje ndani zisikukate.

Waya wa kitanzi. Waya wa breki ya baiskeli ukiufumua unapata nyuzi nyembamba nyingi. Sokota 3 au 4 pamoja. Waya huo unateleza vizuri na fuko hawezi kuukata.

Kamba ya katani, imara, ya kufunga kitanzi kwenye fimbo.

Uzi wa chambo. Huu lazima uwe wa kitu ambacho fuko anaweza kukikata. Uzi wa mgomba uliosokotwa unafaa, na uzi mwembamba wa katani unafaa. Usitumie nailoni wala waya.

Fimbo. Kata mti mbichi unaonyumbuka na kurudi kwa nguvu, kama mpera. Urefu mita moja na nusu, unene wa kidole gumba upande wa shina. Mti mkavu utavunjika, na mti mlegevu hautamkaba.

Vigingi viwili vyenye kulabu, vya kushikilia bomba chini.

Chambo. Kipande cha kiazi kitamu au muhogo mbichi, ukubwa wa kifundo cha kidole.

Sasa toboa bomba lako. Upande fuko atakaoingilia tuuite mlango wa mbele. Kutoka mlango wa mbele pima sentimita 6, toboa juu tundu dogo la kupitisha waya wa kitanzi. Kutoka tundu hilo pima tena sentimita 8 kwenda ndani, toboa tundu jingine juu, na lingine chini yake, yatazamane. Haya mawili ni ya uzi wa chambo.

Kwa nini sentimita 8? Fuko akifika kwenye chambo kwa meno yake, kitanzi kinakuwa kimezunguka shingo au kifua chake. Ukiyaweka matundu karibu zaidi, kitanzi kitamponyoka puani. Ukiyaweka mbali, kitamshika tumboni naye atateseka bure.

HATUA YA TATU: KUTEGA

Sugua mikono yako kwa udongo wa pale pale shambani, lisugue na bomba ndani na nje. Kisha endelea hivi:

1. Pitisha waya juu ya bomba, fanya kitanzi cha kuteleza ndani yake. Kitanue mpaka kilale kwenye kuta za bomba pande zote. Kibandike kwa tope kidogo kisianguke. Jicho la kitanzi libaki ndani, lisipite kwenye tundu, maana hapo ndipo kitanzi kitakapokazia.

2. Pitisha uzi wa chambo tundu la juu, utoboe kipande cha kiazi katikati, utoke tundu la chini. Funga kijiti kidogo chini ya bomba ili uzi usirudi. Sasa chambo kiko katikati ya bomba, na hakuna njia ya kupita bila kukigusa.

3. Ondoa udongo ambao fuko amezibia. Laza bomba likiwa sawa na njia, mlango wa mbele ukielekea upande wa fuko na ukutane na mdomo wa njia bila pengo. Ziba kandokando kwa udongo wenye unyevu. Fuko asione mlango mwingine wa kupitia.

4. Pigilia vigingi viwili vyenye kulabu juu ya bomba, kimoja kila upande. Usisahau, la sivyo fimbo ikifyatuka itaondoka na bomba lote!

5. Simika fimbo kando, hatua moja kutoka kwenye bomba, ishindilie sana. Ipinde mpaka ncha ije juu ya bomba. Geuza uso pembeni unapoipinda, na watoto wakae mbali. Fimbo ikikuponyoka inaweza kukutoa jicho.

6. Funga uzi wa chambo kwenye ncha ya fimbo. Huu ndio unaoizuia fimbo isiinuke. Kisha funga kamba ya kitanzi kwenye ncha ile ile, lakini ilegee kiasi cha kidole kimoja. Uzi wa chambo ukaze, kamba ya kitanzi ilegee. Ukichanganya, kitanzi kitajifunga chenyewe kabla fuko hajafika.

7. Funika mlango wa nyuma kwa majani na udongo, lakini acha kijitundu cha ukubwa wa kidole cha mwisho. Hapo upepo kidogo utaingia, naye atakuja.

Umeona inavyokuwa? Fuko anahisi upepo, anakuja kuziba. Anaingia bombani, anakutana na kiazi na uzi vimemziba njia. Kwa desturi yake, kinachomziba anakikata. Anakata uzi, fimbo inaruka juu, kitanzi kinamkaba kwenye dari la bomba. Fimbo ikiwa na nguvu ya kutosha, anakufa upesi.

KUKAGUA MTEGO

Kagua asubuhi, mchana na jioni. Huna haja ya kuinama, utaiona fimbo kwa mbali. Ikiwa imepinda, bado hajafika. Ikiwa imesimama, nenda haraka. Ukimkuta bado yu hai, mmalize kwa pigo moja la rungu nyuma ya kichwa. Huyu ni adui wa shamba, lakini si halali kumwacha mnyama akining'inia siku nzima. Kama unasafiri na hapana wa kukagua, fyatua mitego yote kabla hujaondoka.

MTEGO USIPOKAMATA

Usikate tamaa siku ya kwanza. Mtego wenyewe utakuambia kosa liko wapi.

Uzi umekatwa, fimbo imesimama, kitanzi kitupu. Ama fimbo ni dhaifu, ama kamba ya kitanzi imelegea mno, ama kitanzi hakikulala vizuri kwenye kuta. Rekebisha, tega tena pale pale.

Bomba limejaa udongo, uzi ni mzima. Fuko amekuja akisukuma udongo mbele yake, akaziba kutokea mbali. Mara nyingi ni kwa sababu umeacha mwanga mwingi nyuma. Safisha bomba, punguza kijitundu, na weka chambo kipya chenye harufu.

Udongo umepita pembeni ya bomba. Uliacha pengo. Fukua, ziba vizuri.

Siku mbili hakuna kilichoguswa. Njia imekufa, au hukuipima kama tulivyosema. Hamisha mtego.

BAADA YA KUMKAMATA

Usimshike fuko kwa mikono mitupu. Tumia mfuko wa plastiki au jani pana. Manyoya ya wanyama jamii ya panya yanaweza kuwa na viroboto, na viroboto ndio wanaobeba tauni. Wenzetu wa Lushoto wanajua habari hiyo. Tauni iliingia huko mwaka 1980, na wagonjwa waliendelea kuonekana kwa zaidi ya miaka 20. Ukikuta fuko au panya wamekufa wenyewe shambani bila kutegwa, usiwaguse, kamwarifu mganga wa zahanati. Fuko uliyemtega mfukie, kisha nawa mikono kwa sabuni. Ziko sehemu ambazo watu humla fuko. Kama ni desturi yenu, mpike aive kabisa, na usimle kamwe fuko aliyetoka kwenye shamba lililotiwa sumu.

Kisha fukia njia zake. Nyumba ya fuko iliyobaki tupu haikai muda mrefu. Fuko mwingine akiipata anahamia, maana amepunguziwa kazi ya kuchimba. Fukua njia kuu, shindilia udongo, na kila wiki angalia kama kifusi kipya kimetokea.

TEGENI PAMOJA

Hapa ndipo penye ushindi au hasara. Ukitega peke yako, na jirani yako hategi, utakuwa unasafisha nyumba kwa ajili ya fuko wa jirani. Mpaka wa shamba unaujua wewe, yeye haujui. Kaeni pamoja wakulima wa bonde moja au mtaa mmoja, chagueni wiki moja mvua zinapoanza, sawazisheni vifusi jioni moja, tegeni asubuhi moja. Mitego 3 au 4 kwa kila nyumba inatosha kuanza.

Sehemu nyingine, hasa nyanda za juu za Kenya, wako vijana wanaotega fuko kwa malipo, wakilipwa kwa kila fuko mmoja. Ni kazi halali na nzuri kwa kijana mwenye subira. Lakini wewe mwenye shamba, lipa kwa fuko aliyetolewa shambani kwako mbele ya macho yako, si kwa mkia ulioletwa mfukoni kutoka ng'ambo ya mto.

NENO LA TAHADHARI

Mtego huu ni wa chini ya ardhi, ndani ya shamba lako. Usiutoe ukaupeleka njiani au porini. Sheria za wanyamapori, ile ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013, haziruhusu kunasa wanyama wa porini bila kibali. Wahenga walisema, mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Waya uliotegwa juu ya ardhi hauchagui. Utanasa digidigi, utanasa mbwa wako, utanasa mguu wa ndama wa jirani. Ndani ya bomba, chini ya ardhi, anayefika ni mwenye njia yake. Kama shamba lako linapakana na hifadhi, muulize kwanza bwana shamba au bibi shamba wa kata yako.

Na fuko aliye porini, asiyegusa mazao yako, mwache. Anageuza udongo na kuuingiza hewa. Ugomvi wetu naye ni kwenye muhogo na kiazi tu.

Basi, ndugu mkulima, tukumbushane kwa ufupi. Jioni sawazisha vifusi. Asubuhi tafuta kipya. Fungua njia, ngoja, uone upande uliozibwa. Tega upande huo. Uzi ukaze, kitanzi kilegee. Kagua mara tatu kwa siku. Fukia njia. Mwite jirani.

Leo jioni, ukitoka kulisha mifugo, chukua jembe ukaanze na hatua ya kwanza. Haihitaji hata senti moja. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kazi njema.